Nilikuapisha kwa Kosa la Ndege

Magesa mjukuu wangu,

Ukiona mwandiko umenyooka usidhani bibi yako kaanza shule uzeeni. Anayeshika kalamu ni Mama Zuhura, jirani yetu wa cherehani. Maneno ni yangu. Nimemwambia aandike nitakavyosema, asinipambe. Kaniuliza, "Na matusi niandike, Bibi?" Nikamwambia aandike yale ninayojitukana mwenyewe, mengine ameze. Tumekaa barazani kwake hapahapa Nyakato, Musoma, jua bado liko juu, wewe umekwenda Kigera kuwaaga wenzako. Kesho alfajiri basi linakuchukua hadi Dar es Salaam, kisha boti, kisha Unguja, kwenye hoteli ileile iliyokurudisha nyumbani na begi lako mwaka jana.

Mambo ya safari sikuandikii. Mwanaume mwenye ndevu anajua kufunga begi, anajua kutopokea soda ya mtu asiyemjua ndani ya basi. Ninachotaka kukuandikia ni kile ambacho mdomo wangu umekataa kukutamkia tangu urudi kutoka Bunda, ulikohamia, kuchukua vitu vyako. Umelala kwenye nyumba yangu. Kila asubuhi umeniamkia, umenichotea maji, umepanda juu ukaziba bati linalovuja. Jioni ikifika unavaa ndala zako, unakwenda kula chipsi barabarani. Mimi nabaki na sufuria yangu. Hujanitamkia neno baya hata moja, na hilo ndilo linanichoma. Ungenitukana ningepata pa kushika.

Najua kwa nini huli. Kwetu mtu akikupeleka mbele ya wazee ukalishwa kiapo, hamli tena sufuria moja, mpaka yeye aliyekushtaki aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale, kwamba alikosea. Sikuwahi kusema. Wewe umeishika desturi, mimi niliyekufundisha desturi ndiye niliyeikimbia.

Nianze na vikapu, maana aibu yangu ilianzia kwenye sifa.

Ulipopata kazi ya kutandika vitanda kule hotelini, ulikuja likizo ukachukua vikapu vyangu vitatu vya ukindu, ukaviweka kwenye duka la hoteli. Haukupita muda ukanipigia simu. "Bibi, wageni wamevigombania!"

"Wanabebea nini?"

"Taulo, wakienda ufukweni. Wengine wanaweka maua ndani."

"Maua? Kwenye kikapu cha udaga wa mihogo? Hao watu wana njaa kweli?"

Ulicheka mpaka simu ikakatika. Siku zile nilikuwaga nakuita mume wangu, nawe unaniuliza mahari yangu nimeitunza wapi. Siku hizi hata utani huo nauogopa.

Basi nikapanda gari mpaka kijijini kwetu Butiama, nikasimama mbele ya akina mama wa jumuiya baada ya sala. Nikajigamba. Nikawaambia mjukuu wangu amefungua njia, wageni wanashuka kutoka angani kila siku, kila mmoja anataka kikapu, nyinyi mnang'ang'ana na mihogo ya nini? Sukeni. Mama Wegesa, yule mjane mwenye shamba la bondeni, akaniuliza kwa upole, "Na wageni wasipokuja?" Nikamjibu mbele ya wote, "Wageni wa ndege hawaishagi. Wewe baki na jembe lako ufe umeinama." Wanawake wakacheka. Na yeye akacheka, akaliacha shamba likaota nyasi, akasuka. Wakanipa na jina: Bibi Ndege. Nililipenda jina hilo. Nilikuwa natembea kijijini kama mimi ndiye niliyekuwa nazirusha.

Kwa muda mambo yakawa mazuri, hilo sikatai. Watu walinunua bati, walinunua sare za watoto. Halafu ukaanza kupiga simu zile nyingine.

"Bibi, ndege zimepungua."

Mara ya kwanza nilikuuliza zimeenda wapi. Ukasema kampuni zimepunguza safari, mafuta yamepanda, tiketi imepanda, hoteli imefunga upande mzima na vitanda vimefunikwa nailoni. Ukasema wanaanza kupunguza watu na watu wa bara ndio wanatangulia kutoka. Nikakwambia, "Hizo habari zako za ndege mimi sizitaki, niambie vikapu." Ulivyorudia nikakata simu. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutoka na sura ya hasira, tangu ujana.

Ukarudi. Begi moja, na mzigo wa vikapu vilivyokosa mtu. Nilipoona ule mzigo umefungwa kamba, nikaona nyuso za akina mama wote wa Butiama. Sikukuuliza umekula nini njiani. Nikakuuliza, "Vingine viko wapi?"

"Stoo ya hoteli, Bibi. Wamesema vikiuzwa watatupigia."

Kabla hata hujalala, mimi nilishaamua. Nikawaambia wale akina mama kwamba kijana wangu kaharibikia kisiwani, vikapu vyao kala na wanawake wa huko, na mimi bibi yake mwenyewe nitampeleka kwa wazee. Wakanionea huruma. Mama Wegesa akanishika mkono, akasema, "Pole, dada, watoto wa siku hizi." Nikaipokea pole yake.

Ule uwanja wa kikao unaukumbuka kuliko mimi. Ila nataka ujue kwamba na mimi naukumbuka. Mzee Wambura, mdogo wake babu yako, amekaa kwenye kiti cha kamba, mama zako wamejaa kwenye mikeka. Akakuuliza, "Magesa, vikapu vya hawa mama viko wapi?"

Ukamweleza.

"Kwa nini havinunuliwi?"

"Ndege zimepungua, babu."

Akavua kofia, akakuna kichwa. "Kijana, sisi tumekuita kwa habari ya vikapu. Wewe unatuletea ndege."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kwani vikapu vinarukaga?" Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, Magesa. Nilicheka kwa sauti ili wasikie niko upande wao.

Wewe hukukasirika. Uliwaeleza polepole. Kwamba kile ni kisiwa, mgeni wa mbali hakifikii kwa miguu wala kwa basi. Kwamba ndege iliyokuwa inatua kila siku sasa inatua siku mojamoja, nyingine imefutwa kabisa, na viti vikiwa vichache nauli inapanda tena. Baba mwenye mke na watoto anapiga hesabu huko kwao, anaona bora aende mahali pa karibu. Na wale wanaokuja, pesa yao imeishia kwenye tiketi. Wanakaa siku chache, wanakula mara moja kwa siku. Kikapu wanakishika, wanakisifia, wanakirudisha mahali pake. Ulivyosema "wanakirudisha" ulifanya na mkono, taratibu, kama unalaza mtoto. Mimi nilikuwa namtazama mtu anayesema kweli.

Mzee Wambura akanigeukia. "Shemeji, unasemaje? Tumwachie, au ale kiapo?"

Nikasema ale kiapo.

Sasa Mama Zuhura andika na hili, usitetemeke.

Nilijua. Magesa, nilijua kabla ya kikao kwamba hukula hata kikapu kimoja. Siku chache kabla, nilikuwa hapahapa barazani, mdogo wake Mama Zuhura akapiga simu kutoka Unguja, yule Asha aliyeolewa kule. Mama Zuhura aliingia ndani kupima nguo ya mteja, akaniachia simu nimsalimie. Asha akanimwagia yote. Kwamba anakaangaga chapati kwenye geti la hoteli kwa ajili ya wafanyakazi, sasa wafanyakazi hawapo na kikaango kimepata kutu. Mume wake anavua pweza, hoteli hazichukui, anarudi naye nyumbani. "Bibi, tunakula pweza kama maharage, watoto wamemchoka." Jirani yao aliyekuwa anaendesha wageni ameuza gari. Kijana aliyekuwa anawatembeza kwenye mashamba ya viungo sasa anaponda kokoto. Nyanya zinazotoka bara zinaozea bandarini kwa sababu jikoni za hoteli zimelala. Akasema, "Huku kila mtu anatazama juu, Bibi. Hata wasiowahi kupanda ndege." Nikamwambia pole mwanangu, nikakata simu, nikanyamaza.

Mama Zuhura ameinua kalamu ananitazama. Alikuwa hajui kwamba niliyasikia yale kisha nikaenda kukuapisha. Sasa anajua. Andika, mama.

Nilifanya hivyo kwa sababu kusema ndege zimepungua ni kusema mimi ndiye niliyewatoa wanawake wenzangu shambani. Kusema mjukuu wangu mwizi ni kusema nina bahati mbaya, na mwenye bahati mbaya anapewa pole. Nilitaka pole. Nikakuuza wewe kwa pole.

Ukapiga magoti kwenye kaburi la babu yako, ukachota udongo, ukaulamba. Ukasema, "Kama nimekula kikapu cha mama yeyote hapa, nisizae." Mimi niliyekubeba mgongoni baba yako alipofariki, niliyekuombea uzae ukoo usikatike, nilisimama na kitenge changu nikasikiliza maneno hayo mpaka mwisho. Hukunitazama. Ulijipangusa mdomo ukaondoka.

Nilisikia uko Bunda, unafua mashuka kwenye gesti karibu na stendi. Nilikuja, wewe hujui. Nilikuja na karanga za kukaanga nimezifunga kwenye kitambaa. Nikakuona kwenye uwazi wa ukuta wa uani, unaanika mashuka, unayavuta pembe kwa pembe mpaka hayana hata kunyanzi moja. Gesti ile watu hawalali, wanapumzika saa moja wanaondoka, nawe unawanyooshea mashuka kama wametoka Ulaya. Nikasimama pale. Maneno nilikuwa nayo tangu Musoma, nimeyapanga vizuri. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikasema nimepotea njia. Nikampa zile karanga. Nikarudi, nikamdanganya Mama Zuhura kwamba nilikwenda kupima macho.

Nikueleze na la babu yako, maana si wewe wa kwanza. Baba yako alikuwa hajazaliwa bado wakati huo. Tulilima pamba mwaka ule kwa nguvu zote, tukavuna, tukaijaza ndani ya nyumba tukingoja lori. Lori halikuja. Watoto walilala juu ya pamba, wakaamka wanakohoa, panya wakazalia humo. Bei ilikuwa imeanguka huko mbali, kwenye nchi ambazo hata majina yake hatukuyajua. Mimi nikamwambia babu yako ni mvivu, kachelewa kupeleka, kagombana na wanunuzi. Nikayasema na kwa ndugu zake. Alikuwa mtu mpole kama wewe. Alitoa mkeka wake akalala nje, karibu na ng'ombe, mpaka mvua zikaanza. Amekufa sijamwambia kwamba lori halikuwa kosa lake. Nilikuwa naahirisha. Leo, kesho, akipona, na hakupona.

Ndivyo nilivyo, Magesa. Jambo likitoka mbali likanipiga, natafuta mtu wa karibu wa kumpiga. Siifahamu ndege, siwezi kuifokea. Wewe uko karibu, nakufahamu mpaka kovu la goti. Nakuomba uangalie kama damu hii umeirithi. Kule kisiwani wageni wakipungua tena, na watapungua, watu wataanza kutafutana wao kwa wao. Mpishi atamwona mfagiaji mwizi, wenyeji watawaona watu wa bara ndio waliokuja kumaliza riziki, na watu wa bara watasema wenyeji wana roho mbaya. Wote mtakuwa mmepigwa na kitu kimoja ambacho hakina masikio. Siku hiyo ukijisikia unataka kumnyooshea mtu kidole, ukumbuke bibi yako alivyocheka pale uwanjani.

Jambo lingine nalisema kwa aibu. Nilikuzoesha kuniletea habari njema tu. Ukiniletea mbaya nakata simu. Umesema kazi uliyoitiwa ni ya msimu, ndege zimerudi kidogo, hazijarudi zote, na tiketi bado iko juu. Umeniambia hivyo juzi ukiwa umesimama mlangoni, umeinamisha kichwa kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya anga. Kuanzia sasa nipigie mambo yakiwa mabaya. Nipigie siku hiyohiyo. Nikifoka, niache nifoke, usikate wewe. Nitamaliza, kisha nitauliza umekula nini.

Sasa nikuambie la Jumapili. Ulidhani nimekwenda Misa Butiama. Nilikwenda, na baada ya Misa nilimwomba Mzee Wambura awakusanye watu walewale. Walikuja, wengine na viti vyao. Nikasimama. Nikaegemea fimbo.

Nikasema, "Magesa alisema kweli. Ndege zilipungua. Mimi ndiye niliyewatoa shambani, siyo yeye. Na siku alipolamba udongo, mimi nilikuwa najua."



Mama Wegesa akauliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nikakupa pole?"

"Ukanipa."

"Basi wewe si bibi. Wewe ni nyoka amefunga kilemba."

Nikamwambia, "Niite hivyo."

Mzee Wambura alisimama, akakaa, akasimama tena. "Shemeji, yaani umemlambisha mtoto udongo wa kaka yangu kwa kosa la ndege?" Akaniambia niende nikakae pembeni kwanza asije akanitukana mbele ya wanawake. Baadaye wakaniita, wakanitoza mbuzi. Nimetoa yule jike mweusi. Wakamwaga maji pale kaburini, wakasema kiapo kimeondolewa, uzae hata timu ya mpira. Wakati naondoka Mama Wegesa akanifuata mpaka njiani. Nilidhani anakuja kunifariji, mjinga mimi. Akasema, "Jumatatu uje na jembe." Nimekwenda. Tumeanza kufyeka lile shamba la bondeni, yeye anakata huku, mimi nakata kule, hatuongei. Vikapu tunasuka jioni, kila mtu kwake, tunauza sokoni kwa wanaobebea dagaa.

Sikutaka uwepo Jumapili. Ungekuwepo wangekugeukia wote, "Msamehe bibi yako, kijana, kazeeka," na wewe kwa adabu ungesema nimesamehe. Adabu yako naijua, nilikufundisha kwa fimbo. Msamaha wa adabu siutaki. Mzee Wambura nilimwomba asikuambie mpaka nikuambie mimi. Ndiyo nakuambia.

Kwa hiyo kwa desturi sasa unaruhusiwa kula kwangu. Lakini kuruhusiwa si kutaka, hilo nalijua, mimi si mtoto.

Ukirudi kutoka Kigera utanikosa. Nalala kwa Mama Zuhura, ili usile kwa kuniogopa wala usikatae kwa kunikomoa. Jikoni kuna sufuria mbili. Moja kapika Mama Zuhura, wali na maharage. Nyingine nimepika mimi, sato wa kuchemsha, na ugali wa udaga nimeufunika kwenye sahani juu yake. Ukitaka kwenda barabarani kula chipsi zako, nenda, mlango haujafungwa. Alfajiri nitakuja kukusindikiza stendi. Umekula, hujala, begi moja nabeba mimi, na usibishane na mimi mbele ya makondakta.

Nilitaka hapa iandikwe kwamba sitaangalia umekula sufuria ipi. Mama Zuhura kaweka kalamu chini. Anasema uongo mwingine wangu hauandiki.

Haya. Nitaangalia.

Ni mimi bibi yako,
niliyekukosea nikijua.